Arsenal 2003/04 au Manchester City 2017/18: msimu upi mkali zaidi?

Ubishi huu hauishi vijiweni. Tuuweke mezani.

Kwa pointi za Ligi Kuu England, City hawana mpinzani: 100, mabao 106, mechi 32 walizoshinda. Arsenal walipata 90 na mabao 73, na sare 12. Hapo shabiki wa Arsenal anyamaze tu.

Kutopoteza mechi ni habari nyingine. Arsenal walicheza mechi 38, kichapo sifuri. City walilala mara mbili: 4-3 Anfield kwa Liverpool, kisha 3-2 nyumbani kwao mbele ya Manchester United, tena wakiwa wameongoza 2-0 hadi mapumziko! Lakini tuseme ukweli, Arsenal nao waliponea chupuchupu. Septemba 2003 pale Old Trafford, dakika za nyongeza, Van Nistelrooy wa United alipiga penalti ikagonga mtambaa panya. Martin Keown, beki wa Arsenal, akamrukia mbele ya uso kwa furaha, kama aliyeokoa yeye. Sentimita chache chini, na leo tusingekuwa na mjadala.

Ulinzi ni karibu sawa: Arsenal waliruhusu mabao 26, City 27. Makombe ya pembeni, City walibeba Kombe la Ligi kwa kuifunga Arsenal hiyohiyo 3-0. Kikosi cha Arsenal cha kocha Wenger kiliishia na ligi peke yake.

Wewe unayehesabu mabao na pointi, City ni wako. Unayechukia kupoteza kuliko unavyopenda kushinda, baki na Arsenal ya Henry na wenzake. Mimi? Inategemea nani amekaa pembeni yangu.