REAPER na kuhamisha studio ya nyumbani kwenda kompyuta mpya: tathmini kutoka Kigoma

Kwa anayerekodi muziki nyumbani, kubadilisha kompyuta kunatia hofu kuliko kubadilisha maikrofoni au spika, kwa sababu kazi za wateja, mipangilio na leseni zote zimo ndani ya mashine inayoachwa. Mimi narekodi kwaya na vikundi vya kaswida katika chumba kimoja cha nyumba yetu, Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imechoka kiasi kwamba wimbo wenye sauti nyingi ulikwamakwama hata kabla sijauwekea mwangwi. Nimehamia kompyuta mpakato yenye Windows 11 nikiwa na programu ileile ya kurekodi na kuhariri sauti niliyoizoea, REAPER, ambayo kampuni ya Cockos ya Marekani imekuwa ikiitoa tangu katikati ya miaka ya 2000. Tathmini hii inahusu jinsi programu hiyo inavyohamishika, na maoni yangu ni kwamba inahamishika vizuri mno mpaka pale zinapoingia plagini, yaani programu ndogo za efekti au ala zinazoongezwa ndani yake, za kampuni nyingine.

Jambo la kwanza la kusifu ni wepesi wake. Faili la kusakinisha halifiki megabaiti 20, na kwa sisi tunaonunua bando hilo si jambo dogo. Katika sehemu ya mipangilio ya jumla kuna kitufe kinachokusanya njia za mkato, violezo, mpangilio wa efekti na mwonekano wote na kuvifunga katika faili moja, ambalo hubebwa kwa fleshi na kuingizwa kwenye kompyuta mpya. Nilipoiwasha REAPER upya baada ya kuliingiza, kila kitu kilikuwa mahali pake, hata rangi ninazotumia kutofautisha soprano, alto, teno na besi.

Kazi kubwa iko kwenye nyimbo zenyewe, na hapa ndipo ningemsihi kila mwenye studio ndogo asiwe na haraka. Faili la mradi la REAPER halibebi sauti ndani yake; ni maandishi yanayoeleza sauti zipo wapi na zimefanyiwa nini. Ukinakili faili hilo peke yake, utafungua wimbo mtupu. Dawa yake ni kuufungua kila mradi kwenye kompyuta ya zamani, kuuhifadhi upya, na kuweka alama kwenye kisanduku kinachoiagiza programu inakili sauti zote zinazotumika ndani ya folda ya mradi huo. Ni kazi ya kuchosha kwa mwenye nyimbo nyingi, lakini baada ya hapo folda nzima inaweza kuhamishwa popote bila kupoteza kitu. Nafasi nayo ikadiriwe mapema: dakika moja ya sauti ya mono (mkondo mmoja) katika ubora wa biti 24 na kilohezi 48 ni takribani megabaiti 8.6, hivyo kwaya iliyorekodiwa kwa maikrofoni nane kwa dakika tano inakaribia megabaiti 350, kabla ya kuhesabu marudio yaliyoachwa. Fleshi iliyoandaliwa (kufomatiwa) kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo mwenye mafaili makubwa ya sauti za ala aiandae kwa exFAT kwanza.

Wimbo wa kwanza kuufungua kwenye mashine mpya ulikuwa wa kwaya moja ya Ujiji. Mistari yote ya sauti ilitokea, kisha kikafunguka kidirisha kinachotaja kwa majina efekti mbili zilizokuwamo kwenye mradi na ambazo hazikupatikana. Naithamini sana tabia hiyo, kwa sababu bila orodha ile ningesikia tu kwamba soprano imekauka na ningeanza kuhangaika kutafuta sababu. Efekti zinazokuja na REAPER yenyewe, kama ReaEQ ya kurekebisha besi na sauti kali na ReaComp ya kusawazisha nguvu ya sauti, zilirudi na vipimo vyake vyote. Zilizokosekana zilikuwa za kampuni nyingine, ambayo leseni yake hufungwa kwenye kompyuta husika na lazima ifunguliwe kwenye mashine ya zamani kabla ya kuwashwa kwenye mpya. Anayeuza kompyuta yake ya zamani kabla ya kufanya hivyo anajitafutia usumbufu wa kuandikiana na watu wa huduma kwa wateja walio ng'ambo.

Kadi ya sauti ilihitaji draiva mpya, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta, kutoka kwa mtengenezaji wake, kisha nikaichagua upya kwenye mipangilio. Faida ya kompyuta mpya ilionekana papo hapo: ya zamani ilinilazimisha kuweka bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, ya sampuli 512, ambayo kwa kilohezi 48 ni karibu milisekunde 10.7, na waimbaji walilalamika kwamba wanajisikia wakichelewa masikioni. Sasa narekodi kwa sampuli 128, yaani milisekunde 2.7 hivi, bila sauti kukatika.

Leseni ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani, na inamhusu anayetumia programu kwa shughuli binafsi au mwenye biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Mwenye biashara inayozidi hapo hulipa dola 225. Inaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta zaidi ya moja mradi itumike kwenye moja kwa wakati, na kwa sababu hiyo sikulazimika kuomba ruhusa ya mtu yeyote kuihamisha. Wasioijua wanaweza kuijaribu ikiwa kamili kwa siku 60. Dosari yake ninayoiona ni uchache wa ala: prodyuza anayetengeneza midundo atalazimika kutafuta ngoma na vinanda kwingine, na hivyo atakuwa na plagini nyingi zaidi za kuhamisha siku atakapobadilisha kompyuta. Kwa anayerekodi sauti za watu na ala halisi, kama mimi, pengo hilo halisumbui.