Kisiwa cha Msumbiji kwa Miguu: Tathmini ya Huduma ya Matembezi

Nilisafiri kutoka Dodoma na kumlipa mwongozaji kwa matembezi ya saa 3 katika Kisiwa cha Msumbiji, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno nchini Msumbiji hadi mwaka 1898 na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991. Kuta zake za waridi, njano na buluu zimepauka kwa chumvi ya bahari, na ukizigusa, chokaa hubaki vidoleni kama unga. Kilichonigusa zaidi ni ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558: kwa kuwa kisiwa hakina maji yasiyo ya chumvi, maji ya mvua hukingwa humo na kuhifadhiwa katika birika kubwa, na mtu aliyekulia Ugogoni, ambako kila ndoo ina thamani, hawezi kupita hapo bila kusimama. Mwongozaji alieleza vizuri pia kwamba, kati ya sehemu mbili za kisiwa, Mji wa Makuti uko chini kuliko Mji wa Mawe wenye majumba ya kale, kwa sababu mawe ya majumba yale yalichimbwa hapo, ndiyo maana maji ya mvua hutuama milangoni mwa wakazi. Kasoro yake ni kututembeza saa sita mchana bila mapumziko. Ombeni kuanza alfajiri.