Nimeendesha Hansa 303 nikiwa nimepooza: chombo kizuri, mtihani uko gatini

Kwa anayetaka jibu la haraka: ndiyo, mtu aliyepooza anaweza kuendesha chombo cha matanga mwenyewe, na mimi ningemshauri aanze na Hansa 303. Nimepooza kuanzia kifuani kwenda chini, mikono mizima. Nakikodi kwenye bwawa moja kusini mwa Uingereza, ninakoishi.

Ni kichombo kidogo, urefu wake mita 3.03, kazi ya Chris Mitchell wa Australia. Mnakaa wawili bega kwa bega, mmetazama mbele, chini kabisa. Sisi tuliokulia Unguja tunajua mambo ya mashua: upepo ukizidi, mabaharia wanakimbilia upande wa joshi, unakotoka upepo, kuweka uzito, na asiyeweza kukimbia anahesabiwa mzigo. Humu huhami. Ubao wa katikati unaoshushwa majini una uzito wa kilo 30, nawe umekaa chini, kwa hiyo chombo kinalala kidogo kisha kinajirudisha. Siku upepo ulipotupiga ubavuni, niliachia usukani nikashika ukingo kwa mikono yote miwili. Kikageuka chenyewe kuutazama upepo, matanga yakapigapiga, kikatulia.

Usukani ni kijiti kilichosimama katikati ya viti. Ukikisukuma kushoto unakwenda kushoto, tofauti na kana, ule mti wa usukani wa mashua, inayokwenda kinyume. Kamba za matanga zinaishia mbele yako, huna haja ya kujinyoosha. Nililolipenda zaidi ni kupunguza tanga: linaviringishwa kwenye mlingoti kama mkeka, likaachiwa nusu au robo kulingana na upepo, na huondoki kitini. Kwa wasio na nguvu mikononi, kuna mfumo wa umeme wa kuongoza usukani na kamba. Na kuna waliokwenda mbali zaidi ya hapo: Hilary Lister, aliyepooza mikono na miguu, mwaka 2009 aliizunguka Britania peke yake kwa chombo kingine alichokiongoza kwa kupuliza na kufyonza mirija.

Viti ni vya kitambaa kilichotundikwa. Usiyehisi makalio, njoo na mto wako, vidonda havina mzaha. Na utalowa, hilo lijue.

Sasa gati. Kreni ya kunishusha ilikuwepo, lakini mkanda wa kubebea ulikuwa wa saizi moja tu, ya mtu mnene kunishinda mara mbili. Nilining'inia juu ya maji, mkanda umenipanda hadi kwapani, suruali inashuka, na watu wanapiga makofi ya kunitia moyo! Choo cha wenye ulemavu kilikuwa stoo ya matanga na maboya. Nikalalamika, wakaomba radhi, wakakisafisha vizuri. Mwezi uliofuata kimejaa tena.

Ndiyo maana sikushangaa sana kuhusu Paralimpiki. Mchezo wa matanga ulikuwa na medali kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016, ukaondolewa kwa sababu haukuwa umeenea nchi za kutosha. Utaeneaje? Kupata chombo si kazi kubwa kama kuwa na mahali pa kumshushia mtu majini.

Jamaa zangu wa Unguja huniuliza kama kingefaa huko. Upepo tunao, kusi na kaskazi, na mafundi wa matanga hawajaisha. Ila maji yetu ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka kama mita 4, yakitoka yanaacha mchanga na matope ambayo kiti cha magurudumu hakipiti. Lingehitajika gati linaloelea, lenye kreni, kwenye maji yasiyokauka. Hilo likipatikana, chombo chenyewe kinaburutwa kwa trela nyuma ya gari dogo.

Walioko Uingereza watafute vilabu vilivyo kwenye mpango wa RYA Sailability, wa chama cha vyombo vya matanga cha Uingereza kwa ajili ya wenye ulemavu. Ninakokwenda mimi, kipindi kimoja ni nafuu kuliko nauli yangu ya treni. Pigeni simu kwanza, na swali la kwanza liwe saizi za mkanda wa kreni.