Ngano za Ulaya kwa watoto: kibanda cha vitabu, Mwanga, Kigoma

Vitabu vya hapa vinasomeka kwa sauti bila ulimi kukwama, jambo adimu kwa ngano za Ulaya zilizosimuliwa upya. Bora kuliko vyote ni Cinderella: kiatu cha kioo cha Perrault, mwandishi Mfaransa, wa mwaka 1697, kimeunganishwa na mti wa kaburini kwa mama yake Cinderella, kutoka masimulizi ya ndugu Grimm, Wajerumani, ya 1812, na vinapendeza sana pamoja. Toleo ambalo dada wa kambo wa Cinderella wanajikata vidole na kisigino ili kiatu kiwaingie, msiwasomee wadogo kabla ya kulala.

Kagua mgongo wa kitabu. Pini hushika kutu kwa unyevu wa ziwa, kurasa za kati zikachomoka. Chagua kilichoshonwa kwa uzi. Picha zimefifia kidogo.