Matembezi ya historia ya tauni pale tao Nairobi, pesa yangu imeenda vizuri ila yanaisha mapema

Wacha nianze na la muhimu. Kama unaishi Nairobi na umewahi kujiuliza mbona Wahindi walijazana Ngara na Parklands, mbona milimani ni manyumba na miti na Eastlands watu wamebanana vile wamebanana, nenda hii tembezi. Imenifunza mengi kuliko somo lolote la historia nililokaa darasani. Ni shilingi 1,500 kwa kichwa, unalipa na M-Pesa, wanafunzi wanapunguziwa. Wanaoifanya ni vijana wachache tu, wikendi asubuhi, masaa matatu hivi kwa miguu kutoka Railways mpaka Jeevanjee, na mada yao ni moja, tauni.

Mnakutana stesheni, na wanaanza na ardhi yenyewe, kitu ambacho nilikipenda. Reli ilifika hapa Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa, na mainjinia walipachagua kwa sababu ni tambarare na kuna maji, mahali pa kupanga mabehewa kabla treni haijaanza kupanda kwenda bonde la ufa. Mji haukuwa kwenye hesabu. Udongo ni ule mweusi wa kunata, mvua ikinyesha maji yanakaa tu. Wakubwa wa reli walijengewa juu kilimani, hewa safi, wafanyakazi wa kawaida wakabaki huku chini kwenye landhi, yaani vyumba vya safu vya wafanyakazi wa reli, na soko la Wahindi likaota hapo hapo, mabati na mbao, duka mbele familia nyuma, mitaro hakuna.

Dada aliyekuwa anatuongoza alitoa chaki akachora mstatili pale kwa lami, ukubwa wa chumba cha duka kimoja, akatuambia watu wanane tuingie. Tukaingia tukabanana. Akasema sasa ongezeni magunia ya mchele na nafaka mpaka juu, ongezeni debe za samli, alafu mlale hapa na watoto, na chini ya mbao mnayolalia kuna panya. Panya akifa kiroboto hakai kwa mzoga, anatafuta damu ya moto iliyo karibu, na iliyo karibu ni yako. Kulikuwa na mama mmoja kwa kundi letu alitoka nje ya mstari wa chaki bila kusema kitu. Mimi nimesoma kuhusu tauni mara nyingi na sikuwa nimewahi kuielewa kwa mwili namna hiyo.

Sasa mwaka 1902 ugonjwa ukalipuka humo sokoni, amri ya daktari wa serikali ikawa watu watolewe na soko lichomwe. Likachomwa lote. Hapa maelezo yao yalikuwa mazuri sana kwa sababu hawakuishia kusema wakoloni wabaya, walieleza madaktari wa wakati ule walikuwa wanajua nini. Daktari Yersin alikuwa ameshakiona kijidudu cha tauni kule Hong Kong mwaka 1894, Simond naye mwaka 1898 akaonyesha kwamba kiroboto ndiye anayekibeba kutoka kwa panya, lakini wenzake wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo lawama zikaenda kwa uchafu na kwa nyumba, na kwa watu waliokuwa ndani ya hizo nyumba. Nyumba unaweza kuichoma, panya anatoroka. Na kweli tauni ilirudi Nairobi tena na tena miaka iliyofuata.

Mahali sikukubaliana nao ni pale waliposema tauni ililetwa na Wahindi kwa meli kutoka Bombay, kwisha. Ni kweli Bombay ilikuwa inaumwa kuanzia 1896 na meli zilikuwa zinakuja Mombasa kila mara, na reli yenyewe ilijengwa na vibarua zaidi ya elfu 30 kutoka India. Lakini huku kwetu bara pia tauni ilikuwepo, kule Kiziba upande wa Bukoba, na daktari Mjerumani Robert Koch aliithibitisha mwaka 1898. Kwa hivyo ukisema ni Wahindi tu unarudia maneno yale yale yaliyotumiwa kuwafungia watu mitaa. Nilimwambia yule dada, akaandika kwa daftari yake, na hilo nilimheshimu.

Biashara Street ilikuwa sehemu tamu zaidi. Zamani ikiitwa Bazaar Street, na hadi leo unapita katikati ya maduka ya leso, mapazia, nguo za watoto, mkokoteni ukikusukuma pembeni na mzee amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Wakatusimamisha hapo wakatueleza habari za Profesa Simpson, aliyewahi kuwa afisa wa afya Calcutta na aliyetumwa huku mwaka 1913 kuchunguza usafi wa miji. Ripoti yake ilipendekeza mji ugawanywe, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na ardhi tupu katikati ya kuwatenganisha. Sababu aliyotoa ni afya! Serikali ya Uingereza ilikuja kuiacha rasmi sera ya kutenganisha makazi mijini mwaka 1923, lakini masharti yalishaingia kwa hati za mashamba na viwanja, ramani ikabaki vile ilivyo. Nilipokuwa nimesimama pale niliwaza kodi ninayolipa na masaa ninayokaa kwa matatu kila asubuhi, nikaona kumbe mambo haya hayajaisha.

Alafu mnaishia Jeevanjee Gardens, bustani aliyoitoa A.M. Jeevanjee mwaka 1906, kontrakta aliyetajirika na reli. Pazuri, kuna kivuli, mnakaa mnauliza maswali. Lakini hapa ndipo nina neno. Tembezi ya tauni inawezaje kuisha bila kuvuka mto kwenda Pumwani? Waliobebeshwa mzigo wa huo mpango ni watu wa vijiji vya Kiafrika na vya Waswahili, Mombasa (kijiji cha hapa Nairobi, si ule mji wa pwani), Maskini, Kileleshwa ya zamani, Pangani. Walibomolewa kimoja kimoja, wakaambiwa wahamie Pumwani miaka ya mwanzo ya 1920, na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wakapelekwa nyumba za Shauri Moyo. Wajukuu wao wako Majengo, humo humo Pumwani, leo hii, ukitoka Jeevanjee unafika kwa miguu. Kuna wazee pale wangeongea vizuri kuliko mtu yeyote wa kukodishwa. Kuwaacha nje ni kuwasahau mara ya pili, na nawaomba hawa vijana wairekebishe hiyo, hata kama itabidi bei ipande kidogo.

Mengine ni madogo. Hawana spika, na karibu na stage za Tom Mboya husikii kitu, kaa mbele. Kundi letu lilikuwa kubwa mno, kumi wangetosha. Njiani hakuna kituo cha choo, kwa hivyo jipange mapema, haswa mkiwa na watoto. Vaa viatu vya kufunga, simu weka ndani ya mfuko.

Nyota 4 kwa 5. Nafasi zinajaa kufikia Alhamisi, book mapema.