Cheni imekatika Buguruni, muuzaji ananiambia pikipiki yangu ni ya kijiweni

"Kaka, hii pikipiki ni ya kijiweni. Wewe unaitoa Kibaha mpaka bandarini kila siku, unategemea nini?"

Hayo ndiyo majibu ya kijana wa mapokezi katika duka lililoniuzia pikipiki mpya ya cc 125 na kunipa kuponi tatu za sevisi ya bure. Macho hakuyatoa kwenye simu. Jina la duka silitaji, na aina ya pikipiki siitaji pia kwa sababu, kusema kweli, pikipiki haina kosa. Au ina kosa dogo. Nitafika huko.

Safari yenyewe ni hii. Kazi mpya iko Kurasini, makazi Kibaha Maili Moja, na kuhama si jambo la mwezi huu. Ni Morogoro Road hadi Ubungo, unakata kulia kuingia Mandela, Tabata, Buguruni, unapita chini ya daraja la Mfugale pale TAZARA, unanyoosha hadi upande wa bandari. Kama kilomita 40 kwenda, 40 kurudi. Kwa daladala ni magari mawili au matatu, na ukichelewa kituoni ukapita saa 11 na nusu alfajiri unasimama njia nzima. Kwa pikipiki unatoka saa 12 kasoro, saa 1 na robo umeshavua helmeti, na mafuta ni chini kidogo ya lita 2 kwa siku nzima. Kwa hilo sina lalamiko. Injini inawaka kwa mguso mmoja, kiti hakiumizi, hata kwenye kilima cha Kimara gia ya nne inatosha.

Sasa cheni.

Ilikatika jioni, katikati ya foleni ya malori ya makontena karibu na taa za Buguruni, siku chache tu baada ya sevisi ya pili. Haikukatika kwa kuchakaa. Klipu ya loki (kile kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni) iliruka, cheni ikafunguka, ikajikunja nyuma ya sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, na kuipiga kava ya injini. Kava ikapata ufa wa urefu wa kidole na oili ikaanza kudondoka. Kwa wasiojua: huo ndio uharibifu wa bei mbaya kuliko yote unaoweza kuletwa na kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha. Ukibahatika unachomelea alumini kwa gesi ya agoni. Usipobahatika unatafuta kava nyingine, na waranti inakataa kwa sababu "cheni ni kitu cha kuchakaa".

Makosa yalikuwa mawili na yote yalifanyika juu ya stendi yao.

La kwanza, cheni ilikazwa kupita kiasi. Fundi wao anaweka pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma linaning'inia, anakaza hadi cheni inakuwa kama uzi wa gitaa, anaigonga kwa spana, anafurahia mlio. Watu wengi wanadhani cheni iliyokaza ndiyo salama. Sivyo. Sproketi ya mbele haiko mahali pamoja na mhimili ambao mkono wa tairi la nyuma unajizungushia. Iko mbele yake kidogo. Ukikaa juu, shokapu zinashuka, mkono unapanda, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka. Unakuwa mrefu kabisa pale sproketi ya mbele, mhimili na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Cheni isiyo na ulegevu juu ya stendi itavutwa kila ukiingia shimo. Inatanuka, inakula beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, inaharibu sili ya oili iliyo nyuma ya sproketi ya mbele, na mzigo wote unaishia kwenye kiungo dhaifu kuliko vyote. Kiungo hicho ni loki.

La pili, loki yenyewe ilifungwa kinyume. Klipu ya loki ina umbo la samaki: upande mmoja umeziba, upande mwingine una mdomo. Upande ulioziba ndio unaotangulia kule cheni inakoelekea. Ukitazama cheni ya juu, inayokwenda mbele, kichwa kilichoziba kitazame mbele na mdomo utazame nyuma. Ukigeuza, jiwe au kokoto ya barabarani ikigonga mdomo inaisukuma klipu itoke. Siku ya sevisi nilipiga picha ya pikipiki ilivyong'aa. Nikaikuza: mdomo mbele. Nilimwonyesha kijana picha hiyo, na ndipo likaja hilo la kijiweni.

Kijiweni! Bodaboda anayepakia abiria wawili na gunia la mchele anaitesa cheni kuliko mimi. Tofauti ni kwamba yeye anakwenda kilomita mbili, anasimama, anapoa. Mimi nakwenda kilomita 40 mfululizo, panapofunguka nafika 70 kwa saa, cheni inapata joto, mafuta yanarushwa nje kwa kasi. Kwa hiyo matunzo yanatofautiana, hilo nakubali. Lakini klipu iliyogeuzwa ingeruka hata kwa mwalimu anayekwenda shule ya jirani.

Upimaji wa cheni ni kazi ya dakika kumi, na unaufanya mwenyewe. Pikipiki isimame kwenye tairi zake, mtu wa uzito wako akae juu. Shika cheni ya chini katikati, nusu njia kati ya sproketi mbili, isukume juu kisha ishushe, pima kwa rula. Sentimita 2 hadi 3 ndiyo nzuri kwa pikipiki nyingi za aina hii. Kibandiko cha mtengenezaji kwenye mkono wa nyuma kikisema vingine, kifuate hicho. Sogeza pikipiki kidogo, pima tena, mara nne au tano. Pima pale ilipokaza zaidi, siyo ilipolegea. Ukikuta mahali inakaza sana na mahali inaning'inia, cheni imetanuka bila uwiano na kuikaza hakutaiponya.

Kuikaza: legeza nati ya ekseli, zungusha nati za kurekebishia kushoto na kulia kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa wakati. Alama zilizochorwa pembeni zinasaidia, ila usiziamini kwa asilimia zote. Chuchumaa nyuma, tazama kama cheni inaingia sproketi ya nyuma kwa unyoofu au inaelemea upande. Kaza ekseli, halafu pima tena, maana kukaza ekseli kwenyewe kunabadilisha ulegevu. Jambo moja mafundi wengi wanalisahau: tairi likirudi nyuma, fimbo ya breki ya nyuma inavutwa nalo. Usipoilegeza kidogo, breki inabaki imegusa, na ukifika Mbezi Mwisho ngoma ya breki inanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati.

Loki ikitolewa, weka klipu mpya. Ya zamani imeshapoteza ubishi wake. Mimi sasa natembea na loki nzima ya akiba na plaizi ndogo chini ya kiti, vimefungwa kwenye kipande cha mpira wa ndani wa tairi visipige kelele. Bei yake ni kama chai na chapati mbili. Hakikisha tu inalingana na namba iliyogongwa kwenye cheni yako, mara nyingi 428.

Mafuta ya cheni ndiyo mada inayoanzisha ugomvi kila kijiwe. Kwa kilomita 80 kwa siku, siku sita zinakupeleka karibu 500, na huo ndio muda wa kupaka. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni, bila kungoja kelele. Osha kwa mafuta ya taa na brashi ya zamani ya meno, futa kwa kitambaa, acha ikauke. Petroli usitumie, inakausha kila kitu hadi ndani na inaweza kukuunguza. Kisha oili ya giaboksi namba 90, tone moja kila upande wa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni ya chini, ili mzunguko uyasukume mafuta yaingie badala ya kuyatupa. Zungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Nimesema imezimwa, kuna vidole vya watu vimebaki kwenye sproketi. Fanya cheni ikiwa bado na joto la safari, iache ilale usiku kucha, asubuhi futa ya ziada.

Grisi hapana. Barabara za ndani za Kibaha ni mchanga, na grisi ikikamata mchanga unakuwa umeipaka cheni msasa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini nayo hapana, ingawa nusu ya mji inaitumia. Imebeba chembe za chuma, na inarukia suruali ya kazini. Ikinyesha na ukapita kwenye maji ya Tabata, usingoje Jumamosi, paka jioni hiyohiyo. Na koti la mvua liwe fupi au lenye suruali yake. Koti refu linalopeperuka upande wa cheni ni habari nyingine kabisa.

Ili ujue cheni imekwisha, usisikilize mtu, chukua rula. Nyoosha cheni, pima viungo 20, yaani kutoka pini ya 1 hadi ya 21. Cheni ya 428 ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, badilisha, na ubadilishe sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno ya zamani yaliyolala kama ya papa inaliwa kwa muda mfupi. Niliipima ile yangu iliyokatika: 255. Mpya! Basi mniambie kuhusu kijiweni.

Mengine ya safari hii ni mepesi. Upepo wa tairi pima asubuhi tairi likiwa baridi, na pembeni ya Mandela angalia madoa ya dizeli kwenye kona, hasa yakichanganyika na matone ya kwanza ya mvua. Ubavuni mwa lori la kontena usikae. Ama uko mbele anakuona, ama uko nyuma mbali.

Nilianza kuandika nikitaka kusema usinunue. Sasa najikuta naitetea pikipiki. Cheni waliyoitia kiwandani ilikuwa sawa, na kabla ya ile sevisi ya pili nilikwenda wiki nyingi bila tatizo. Kosa dogo nililosema: kava ya cheni ni ya nusu, inafunika juu tu, kwa hiyo mchanga unaingia kutoka chini upendavyo. Nyota nne. Ila nikikumbuka oili ikidondoka kwenye lami ya Buguruni huku kondakta ananipigia mluzi nitoe mkweche wangu barabarani, nashuka hadi tatu. Duka halipati hata moja, na yule kijana akinipigia tena simu ya "tunaomba utupime huduma yetu" nitampima kwa rula ileile.

Kuponi ya sevisi ya tatu bado iko kwenye pochi. Nilishaapa kuichana. Lakini oili ya bure ni oili ya bure, kwa hiyo pengine nitaipeleka, nisimame hapohapo pembeni ya stendi tangu mwanzo hadi mwisho, wabadilishe oili na plagi, na cheni wasiiguse.