Ziara ya Alesia: mlima hauna kosa, mwongozaji ndiye

Nyota moja, na hiyo ni ya dereva.

Hii ni ziara ya siku moja kutoka Dijon hadi Alise-Sainte-Reine, chini ya mlima Auxois, kulikokuwa mji wa kale wa Alesia, alikozingirwa Vercingetorix, kiongozi wa Wagallia (wenyeji wa kale wa Ufaransa), na jeshi la Kirumi la Julius Caesar mwaka 52 KK. Kufika tu kwenye sanamu ya Vercingetorix, mwongozaji akatangaza: "Hivi ndivyo walivyokuwa Wagallia."

Jamani! Sanamu ile ni kazi ya Aimé Millet, 1865, kwa agizo la Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, na inasemwa uso umefananishwa na wake mwenyewe. Upanga ni wa Zama za Shaba, karne nyingi kabla. Masharubu nayo? Sarafu za dhahabu zenye jina la Vercingetorix zina kijana asiye na hata unywele usoni. Na vazi la vita? Mkubwa wa Kigallia alivaa fulana ya pete za chuma. Varro, Mroma, aliandika kwamba Wagallia ndio walioibuni.

Nikamweleza kwa upole. Akanijibu mbele ya kundi zima: "Kama unajua yote, umelipia nini?"

Nililipia mitego ya Warumi, bwana! Hiyo aliiruka kabisa, akasema "walikufa njaa" akatupeleka kula. Njaa ilikuwepo, ila nani aliwazuia kutoka? Caesar ameeleza: karibu na boma la Warumi, safu tano za matawi yaliyochongwa ncha; mbele yake safu nane za mashimo ya kina cha futi tatu, kila moja na mti mnene kama paja, uliochomwa ncha ukakomaa, ukitokeza vidole vinne tu. Chini udongo ukashindiliwa futi moja, juu vikafunikwa vijiti. Mbele zaidi, vigogo vya futi moja vyenye kulabu za chuma, vimefukiwa. Mchimbaji wa mambo ya kale akienda na rula atakuta vipimo vinabadilika kufuata ardhi, na hapo ndipo utamu ulipo.

Haya, kusema haki: kipande cha boma kilichojengwa upya bondeni kinaeleza yote hayo bila kufungua mdomo. Panda mnarani, tazama upande wa mlima, kisha geuka: Warumi walijenga mistari miwili ya boma, wa ndani maili 11 za Kirumi, wa nje 14, kuzuia waliomo na wanaokuja kuwaokoa. Kwa hapo nyota nne.

Hapana, mbili. Lile jibu bado linaniwasha. Nendeni wenyewe, muanzie bondeni, sanamu iwe ya mwisho.